Madaftari Matano Mahali Pakavu

Daegu, 14 Novemba 1963

Kwa Baba Mdogo,

Nakuamkia wewe na Mama Mdogo. Natumai mgongo wako umetulia na kabichi zimetoka shambani kabla ya jalidi. Mama hajambo, ila macho: asubuhi anaona, jioni anapapasa. Tumefurahi kusikia kwamba Ogi, mke wa mwanao Duho, ana mimba. Mwambieni asibebe maji kutoka kisimani, kile kilima kinateleza.

Sasa neno lenyewe. Chuo kikuu chetu kimefungua idara ya kufundisha walimu, nami nimepewa kazi ya kuikusanyia vitabu maktabani. Rafu ni arobaini. Thelathini na tisa zimeshajaa kwa masanduku ya msaada yaliyokuja kwa meli, nami nimeyafungua kwa nyundo, moja moja. Vitabu vizuri, vina picha za rangi. Kimoja kinamwonyesha mwalimu jinsi ya kuwaketisha watoto kumi na wanane kuzunguka zulia. Wanafunzi wetu wakihitimu watapelekwa milimani kwenye watoto themanini, chumba kimoja, jiko moja la kuni na ubao uliopasuka. Katika masanduku yote hakuna kitabu kinachojua jambo hilo.

Rafu ya arobaini nimeiomba mimi, iwe ya maandishi ya walimu wetu wenyewe. Mkutubi Mkuu, Bwana Kwak, alikubali huku akicheka. Amesema tukifika tarehe tano Machi, siku ya kufungua, na rafu ikiwa tupu, ataijaza kwa vitabu vya sanduku lililobaki, na habari hiyo isirudiwe tena.

Baba aliacha kwako madaftari matano ya ile shule ya majira ya baridi, aliyoiendesha katika chumba cha viwavi wa hariri, akiwafundisha watu wa Sotgol kusoma lugha yao wakati watawala wa Kijapani hawakutaka. Tulipomzika, mwaka wa pili wa vita, uliyafunga kwenye kitambaa ukasema, "Haya nitayalinda mimi." Naomba uyatume. Hatuna mwandiko wake mwingine wowote.

Mwanao,
Myonghi


Sotgol, 3 Desemba 1963

Mwanangu Myonghi, binti wa kaka yangu,

Barua yako imefika na nimeisoma mara moja tu, maana jicho langu likipita limepita. Hatujambo. Mwaka huu tumetia chumvi kabichi mia mbili. Mama yako mdogo anasema mia na ishirini, lakini yeye alikuwa amezipa mgongo. Moja ilikuwa kubwa hata tukaikata kwa msumeno, mimi upande huu na Duho upande ule, na kati yetu hatukuonana. Ogi anaendelea vizuri. Msichana mpole, hakusoma hata siku moja, lakini mikono yake inajua kazi. Watu wa kwao walipomleta mwezi wa tatu waliingia chumba cha maharusi wakakaa kimya kwa uzuri wa kuta. Karatasi ya maua mekundu, niliibandika mwenyewe. Mpaka leo wilaya nzima wanakuja kutazama.

Umefanya vyema kuniandikia mimi kuhusu mambo ya elimu. Watu husahau kwamba nami nilisoma miaka minne, nikaacha kwa sababu walimu waliishiwa la kunifundisha. Tena wakati nachimba makaa ya mawe kule Hokkaido mimi ndiye niliyekuwa nikiwasomea wenzangu barua zote, kambi nzima, watu elfu tatu.

Madaftari yapo. Usiwe na wasiwasi kama kuku wa mvua. Yako mahali pakavu, pana joto, pana kuta pande zote. Panya hafiki, mvua haifiki. Vita ikirudi leo mimi na wewe tutaungua, yale yatabaki. Mwezi wa tisa alikuja profesa mmoja kwa gari jeusi, miwani ya dhahabu, akapiga magoti hapo uani akiyataka. Nikamwambia, bwana, simama, unachafua suruali. Alilia mpaka darajani.

Lakini vitu kama hivyo havitumwi posta kama samaki mkavu. Subiri kwanza. Na nikuulize, hiyo rafu ya arobaini itaandikwa jina la nani? Aliyeandika ni kaka, sawa. Aliyelinda je?

Baba yako mdogo,
Tak Bongchil


Daegu, 21 Desemba 1963

Kwa Baba Mdogo,

Sisi hatujambo, Mama anawasalimu. Amemshonea mtoto blanketi la pamba, limo kwenye kifurushi hiki. Kimo pia kitambaa cha mafuta cha kufungia madaftari, kamba, na stempu za kutosha kurudisha kifurushi kizito mara mbili. Kazi yako ni kufunga tu.

Hakuna profesa aliyekuja. Maprofesa wetu wana gari moja kwa wote, tena halina betri. Sikuuliza kama madaftari ni mazuri, wala nani aliyalilia. Niliomba yatumwe. Bwana Kwak kila asubuhi anapita mbele ya rafu yangu, anapuliza vumbi na kusema, "Walimu wenu ni wepesi kweli, hata hawaonekani." Nilicheka mara ya kwanza. Sitacheka tena.

Nimeandikia walimu wazee kumi na mmoja katika mkoa. Tisa wamejibu kwamba maandishi yao yaliungua vitani. Wawili wamekufa. Baba ndiye aliyebaki, Baba Mdogo, na Baba yuko kwako.

Jina lako litaandikwa utakapotuma. Usipotuma sijui nitaandika nini.

Myonghi


Sotgol, 14 Januari 1964

Myonghi,

Hatujambo. Theluji imefika kwenye magoti ya ng'ombe. Nimelipokea blanketi.

Sasa nisikilize. Ninyi watu wa chuo kikuu mmejifunza kuandika lakini hamkufundishwa kusema na mkubwa. "Kazi yako ni kufunga tu." Neno hilo unamwandikia nani? Mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mume hana, anakaa na masanduku na nyundo, ananipa mimi kazi.

Unajua kile chuo chako kimejengwa kwa kitu gani? Siyo mawe. Ni mifupa ya ng'ombe. Kila baba mlimani aliyepeleka mtoto kusoma aliuza ng'ombe, na mifupa yao wote mkiirundika inapita paa lenu. Ng'ombe wetu alikuwa na doa jeupe kwenye paji la uso. Babu yako alimuuza ili baba yako akasome ualimu mjini. Na ng'ombe akishauzwa, jembe huvutwa na nani? Mimi nilikuwa na miaka kumi. Nilifungwa kamba mabegani, nikavuta, na kwa kuwa nilikuwa na nguvu kuliko yule ng'ombe nililima shamba lote kwa asubuhi mbili, watu wakatoka vijiji saba kutazama. Hilo waulize, wapo wanaokumbuka. Kaka alirudi na kofia ya mwalimu, na mikono laini kama ya mtoto.

Halafu wewe leo unasema Baba yuko kwako. Ndiyo, yuko kwangu. Miaka yote alikuwa mabegani kwangu.

Madaftari siwezi kuyatoa sasa. Ogi amekaribia. Nyumba yenye mwanamke wa namna hiyo haigongwi msumari, haibomolewi wala haibanduliwi kitu, mtoto asije akapata alama. Hilo hata kwenye vitabu vyenu vya picha lazima liwemo. Usiniandikie tena mpaka mtoto azaliwe.

Tak Bongchil


Daegu, 1 Februari 1964

Kwa Baba Mdogo,

Nimefika salama. Natumai Ogi anaendelea kunywa mchuzi wa mwani na maziwa yanatoka.

Ninaandika yaliyotokea Jumanne langoni kwako ili yawepo kwenye karatasi, kabla hujaanza kuyasimulia kwamba nilikuja na chui.

Nilitoka kituo cha basi nikapanda mlima kwa miguu katika theluji. Barua yako ilikuwa mfukoni, na neno moja lilikuwa likinikwaruza njia nzima: haibanduliwi. Nani aliomba kubandua? Nilipofika, lango lilikuwa na kamba ya uzazi ya mabua, mkaa na vijiti vya msonobari vikining'inia, nikajua mmepata msichana. Ulikuja upande wa ndani ukasimama, viatu vya mpira bila soksi.

"Karibu hapo hapo," ulisema.

"Hongera, Baba Mdogo. Sikuja kuingia. Nipe madaftari juu ya kamba."

"Kamba ni kamba. Siku ishirini na moja hakiingii kitu, hakitoki kitu."

"Mama Mdogo ametoka na ndoo sasa hivi."

"Ile ni ndoo."

"Basi niambie tu yako wapi."

"Nimeshakuandikia. Mahali pakavu, pana joto."

Kisha ukaanza habari za chui aliyeshuka mwaka wa thelathini na nane na jinsi ulivyomshika mkia. Mama Mdogo akaweka ndoo chini.

"Baba Duho, mwambie. Mtoto wa watu anageuka theluji."

"Nimwambie nini?"

"Haya, nyamaza. Yako ukutani, mwanangu. Chumba cha maharusi. Ndiyo karatasi ya chini, halafu juu yake maua."

Ukatazama viatu vyako.

Najua kila mtu hubandika karatasi kuukuu kwanza ili maua yashike udongo. Najua karatasi ya magome ya mti, kama ile ya madaftari, haichaniki, na gundi ya unga huipenda. Watu wamebandika hati za mashamba, wamebandika barua za mababu. Lakini watu hao hawakusimama juu ya kaburi wakasema nitayalinda mimi. Ulichukua kazi ya maisha ya kaka yako ukaipaka gundi ili watu wa kwao Ogi wakae kimya.

Bwana Kwak aliuliza kwa nini nimerudi mikono mitupu. Nikasema theluji ilifunga njia. Ni uongo wangu wa kwanza kazini, na nimeurithi kwako.

Mama sijamwambia. Amenishika mkono, akauliza kama mwandiko bado unasomeka. Nimesema ndiyo. Huo ni wa pili.

Siku ishirini na moja zitaisha tarehe kumi na moja. Machi tano haitasogea.

Myonghi


Sotgol, 21 Februari 1964

Mwanangu Myonghi,

Hatujambo. Mtoto tumempa jina Surye. Analia kwa sauti ya mkuu wa kituo cha polisi. Mama yako mdogo amenihamishia chumba cha vyombo tangu ulipoondoka, hasemi nami isipokuwa kwa kupitia ng'ombe. "Ng'ombe, mwambie huyo chakula tayari."

Kamba tuliikata asubuhi ya tarehe kumi na mbili. Mchana huo huo nilichemsha masufuria manne ya maji, nikamtoa Ogi na mtoto, nikaingia na mvuke na kisu cha mianzi kuzibandua kuta. Hakuna mtu wilaya hii awezaye kubandua karatasi ikiwa nzima. Mimi naweza. Hilo siyo majivuno, utaona mwenyewe kwenye kifurushi. Karatasi mia moja na kumi na nane. Nane zimepasuka, tatu zimekwenda na udongo. Nimezikausha sakafuni, kila moja peke yake, siku saba, wao wakilala jikoni.

Lakini nilipolisogeza sanduku la matandiko kwenye kona ya karibu na jiko, nilikuta maua yameshabanduliwa. Kipande kikubwa, kuanzia sakafuni mpaka kifuani kwa mtu aliyeketi. Kimebanduliwa taratibu, kwa kucha.

Nikamwita Duho. Akasema siyo yeye. Nikasema panya. Ogi alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni.

"Siyo panya, Baba," alisema. "Ni mimi."

"Umeiharibu karatasi ya harusi yako?"

"Iliinuka yenyewe kwa joto, msimu wa kabichi. Nikaona chini yake kumechorwa mundu."

Unakumbuka watu wanavyomtukana mjinga, kwamba ameshika mundu mkononi na hajui herufi ya kwanza, na herufi yenyewe ina umbo la mundu ule ule? Kumbe kaka ndipo alipoanzia. Amechora mundu, pembeni yake herufi. Karatasi ya pili, miguu miwili ya kibebeo cha kuni, na herufi yake. Mdomo wa chungu, na herufi yake. Kila kitu kilichomo nyumbani. Ogi amekuwa akibandua kidogo kidogo, na kurudisha sanduku kila asubuhi. Na zile siku ishirini na moja, sisi tulipodhani amelala, alikuwa akisoma ukuta.

Sikuamini. Nikamwambia, hebu soma. Akasoma. Polepole, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe, lakini hakutumbukia. Mama yako mdogo alikuja na mwiko mkononi, akakaa chini.

Sasa nitakuambia jambo ambalo ulikuwa hujaniuliza, ndiyo maana nimekasirika kuliandika. Sikubandika yale madaftari kwa kukosa karatasi. Karatasi kuukuu nilikuwa nazo. Mwezi wa tatu nilifungua lile la kwanza nikitafuta tu mwandiko wa kaka, maana angekuwa hai, harusi ya Duho angeiongoza yeye. Nikakuta orodha ya wanafunzi. Jina langu lilikuwamo. "Bongchil. Siku tatu. Hakurudi." Niliishia hapo. Wewe ungeendelea? Mtu niliyemvutia jembe ameniandika kama mtoro. Miaka yote mimi nawaambia watu nilisoma minne, na yeye ameweka siku tatu kwa wino. Nikachukua gundi. Karatasi ile niliibandika ya kwanza, uso ukitazama udongo.

Nilipoibandua nilikuwa nimwambie Duho aitie motoni. Ogi akaipokea. Hakuuliza, alishazoea kusoma kila kinachotoka ukutani. Akasoma mbele yetu wote, mbele ya ng'ombe pia, maana mlango ulikuwa wazi:

"Bong-chil. Siku ta-tu. Ha-ku-ru-di. Ba-ba a-me-mpa jembe. Anasema uongo mzuri kuliko kitabu chochote nilicho nacho. Siku zile tatu darasa halikusinzia. Angebaki, angekuwa mwalimu bora kuliko mimi."

Myonghi, wewe utadhani nililia. Sikulia. Nilitoka nje nikapasua kuni za mwezi mzima, na hili siyo uongo, njoo uzione. Nilikuwa na hasira kuliko siku ile ya gundi. Tuliishi nyumba moja, tukala sahani moja, aliugua miezi minne nikimbeba kwenda chooni. Mdomo alikuwa nao. Kwa nini aliliandika akalifunga ndani ya daftari? Ninyi watu wa vitabu ndivyo mlivyo. Mnaweka neno rafuni halafu mnashangaa mtu hakulisikia. Ukiwafundisha hao walimu wako jambo moja, wafundishe hilo.

Ile karatasi naituma. Sitaki ikae nyumbani kwangu, nisije nikaibandika tena.

Hesabu yako itapungua moja. Karatasi ya somo la kumi na saba ipo bado ukutani, na Ogi amesimama mbele yake. Nimemwambia inatakiwa chuo kikuu. Akasema, "Baba, chuo kikuu wanajua kusoma. Mimi sijamaliza." Nimebishana na maafisa, nimebishana na Wajapani. Yule amenishinda.

Kuta sasa ni udongo mtupu. Wageni wakija nitawaambia tetemeko la ardhi.

Baba yako mdogo,
Bongchil


Daegu, 6 Machi 1964

Kwa Baba Mdogo,

Nawaamkia wote, na Surye. Mama amezishika karatasi moja moja. Mikononi mwake zilitoa unga wa gundi na chembe za udongo, akasema zinanukia nyumbani. Nimemweleza yote. Amesema nikuambie kwamba wewe ni mpumbavu, na kwamba mwezi wa tano atakuja kukaa kwako wiki mbili.

Jana tulifungua. Karatasi zako zimejaza nusu ya rafu. Bwana Kwak alisimama hapo, akauliza udongo huu utasafishwa lini. Nikamwambia hautasafishwa. Wanafunzi wanne wa mwaka wa kwanza walikuwa wameshaichukua karatasi ya mundu, wanaichora upya kwa watoto themanini.

Mimi sijakusamehe. Zile tatu zilizokwenda na udongo zilikuwa masomo ya saba, ya nane na ya tisa, na hakuna mtu duniani atakayejua kaka yako alifundishaje kutoka chungu mpaka neno zima. Labda Ogi. Muulize, na uandike anavyokujibu, bila chui.

Nimeandika hivi kwenye daftari la kupokelea, nakunakilia ili usije ukaniongezea:

"Namba 1. Mwalimu Tak Ingyu, masomo ya shule ya majira ya baridi, Sotgol. Karatasi 114, zilizobanduliwa ukutani. Zimeletwa na Tak Bongchil, mwanafunzi wake, siku tatu.

Karatasi ya somo la 17: imeazimwa. Msomaji: Ogi wa Sotgol. Tarehe ya kurudisha: akimaliza."

Mwanao,
Myonghi